Nusu Saa ya Nabalayo

Meneja Kinyua alikuwa hajamaliza mwezi kiwandani alipowaita wasimamizi wake sita na kuwagawia fomu. Hiyo ilikuwa Februari ya 1973. Kwao ni Nyeri, na joto la Kisumu lilikuwa bado linamshinda. Saa tatu ya asubuhi shati lake lilikuwa limeshalowa mgongoni. Kiwanda kilikuwa kando ya ziwa, kikifuma nyavu za nailoni za kuvulia samaki wa ngege, na Kinyua alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile cha meneja.

"Kila mwezi," alisema, "kila msimamizi ataketi na kila mfanyakazi wake. Mmoja mmoja, mlango umefungwa, nusu saa nzima. Si kumgombeza, na si kumhubiria. Unamwuliza kazi inaendaje, nini kinamsumbua, na sisi tumsaidie wapi. Halafu unanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi sisi tuwape watu mahali pa kusemea."

Shitanda, msimamizi wa mashine, aliinua mkono. "Na kama kuna mtu mimi siwezi kaa na yeye, Bwana Meneja? Kuna mmoja tuligombana mpaka kwa chifu."

"Niambie tu. Huyo nitaketi naye mimi mwenyewe. Kuna mwingine mwenye mtu kama huyo?"

Wasike, msimamizi wa chumba cha ukaguzi, alitazama viatu vyake. Alikuwa naye. Katika wanawake kumi na tisa waliokuwa chini yake, namba kumi na nne alikuwa Nabalayo, mama mzazi wa mkewe. Na kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Wala si chuki. Ukimwona mtu anamkimbilia mama mkwe wake kumpa mkono, ujue hakulelewa kwao.

Basi kwa nini asiseme? Neno lilikuwa fupi na meneja alikuwa ameshafungua mlango. Lakini mwaka uliopita, Wasike alipokuwa akiomba cheo, fomu ilimwuliza kama ana jamaa kiwandani, naye akaandika hana. Aliogopa kwamba mmoja wao angehamishwa au kuachishwa. Alisahau, au alijifanya kusahau, kwamba ni Nabalayo aliyemwombea kazi kwa karani wa zamani, mwaka wa 1966, alipokuwa kijana anayezurura getini. Tena alimjua mkewe, Metrine, pale pale, msichana anayemletea mama yake chakula cha mchana. Sasa akisema, uongo wa kwanza utafichuka. Alikunja fomu zake akatoka.

Na mambo yalivyo, Wasike alikuwa hodari wa kazi hiyo mpya. Mwezi wa kwanza wanawake waliingia ofisini kwake wakitetemeka, maana zamani aliyeitwa peke yake alitoka na barua ya kufukuzwa. Mwezi wa pili walianza kusema. Dorca alilia dakika ishirini kwa ajili ya mumewe, Wasike akanyamaza kama alivyofundishwa, na mwisho akambadilishia zamu ili afike nyumbani kabla ya mlevi yule. Aoko alisema taa iliyo juu ya meza yake inawakawaka na kumuumiza kichwa. Kesho yake fundi akaja. Haya yalikuwa madogo, lakini watu walikuwa hawajawahi kuyapata. Kinyua alizisoma fomu zake na kumsifu mbele ya wenzake.

Fomu ya namba kumi na nne aliijaza peke yake. Aliandika: "Kazi inaendelea vizuri. Hana tatizo." Kisha akampa Aoko aipeleke ipigwe kidole.

Aoko ndiye aliyekuwa mjumbe wao tangu zamani. Wasike alikuwa anaweza kusimama hatua nne kutoka kwa mama mkwe wake na kusema, "Aoko, mwambie Mama nyavu za bunda la pili zinangojewa," na Nabalayo hujibu, "Aoko, mwambie nimesikia." Wanawake walimbandika Aoko jina la Posta. Walicheka, lakini waliifuata heshima hiyo, kwa sababu hata Wajaluo wana ya kwao.

"Imeandikwa nini?" Nabalayo aliuliza, wino ukiwa tayari kwenye dole gumba.

"Imeandikwa hauna shida."

"Ai! Kumbe mkwe wangu anajua kuombea mtu." Alibonyeza kidole, na Aoko ilimbidi kumshika mkono na kuuvuta kidogo, kwa sababu kidole kilikuwa kimetua nje ya mstari. Aoko aliona jambo hilo na akaliacha lipite.

*

Kazi ya chumba cha ukaguzi ilikuwa ya macho. Wavu ulitandazwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mkaguzi akaupitia tundu kwa tundu akitafuta fundo lililolegea. Akilipata, alilikaza kwa sindano ya mti. Akiridhika, alifunga pembeni kipande cha bati chenye namba yake, na wavu ukaenda sokoni.

Nabalayo alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa, na mwaka huo matundu yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Kwanza jicho la kushoto, halafu la kulia likafuata. Aliongeza vidole. Alipapasa kila fundo, na vidole vyake vilikuwa vyema, lakini nailoni ni nyembamba na fundo bovu likilala vizuri hulidanganya dole. Alikuwa mjane, na chumba chake cha mtaa wa Manyatta alikilipia mwenyewe. Hakutaka kuwa mzigo wa binti yake, maana angeishi wapi? Nyumba ya mkwe haiingiliki.

Mwezi wa saba Metrine alimkuta akitafuta tundu la sindano kwa ulimi.

"Mayi, macho yako yana nini?"

"Moshi. Hizi kuni za siku hizi ni mbichi."

"Unapika na makaa, Mayi."

Nabalayo aliiweka sindano chini. Kisha alisema polepole, "Mwambie mumeo aniweke upande wa kufunga mabunda. Hiyo kazi naweza."

"Nimwambie sababu gani?"

"Mwambie nimechoka meza. Macho yangu siyo maneno ya kupeleka kwa mkwe. Akisikia mama mkwe wake ni kipofu, ataninyanyuliaje uso? Na wewe usiseme. Nimekuzaa, nakukataza."

Usiku ule Metrine alimwambia mumewe nusu ya maneno, ile aliyoruhusiwa.

"Baba Enos, si umpeleke tu? Kuna ubaya gani?"

Wasike aliweka kijiko chini. "Bila sababu? Watu watasema napendelea jamaa. Meneja ataanza kuuliza jamaa gani. Akuambie sababu, niiandike."

"Wewe ndio unakaa na watu mlango umefungwa kila mwezi. Yeye atakuambia wapi? Kwa ukuta?"

"Unajua vile mambo iko."

"Najua. Basi mwambie huyo Mkikuyu akae na yeye. Si ulisema alikubali?"

"Desemba tukienda nyumbani nitauliza wazee. Wanaweza tufungulia huo mwiko, tuchinje mbuzi, iishe."

Metrine alitaka kusema, neno la macho likamfika mdomoni. Alimkumbuka mama yake akimkataza, akainuka kuondoa vyombo. Kwa hiyo mke aliyejua hakusema, na mume aliyepaswa kujua hakuuliza, kila mmoja akidhani anamheshimu yule mama.

*

Septemba alikuja mzee mmoja kutoka Luanda Kotieno, jina lake Dishon, mwenye mitumbwi mitatu. Alikuja na gunia begani, akampita askari wa getini, akamwaga nyavu kwenye sakafu ya ofisi ya meneja. Zilikuwa bado zinanuka samaki.

"Hii neti inavua maji," alisema. "Nimenunua neti kumi na mbili. Naingiza kwa ziwa jioni, asubuhi samaki imepitia hapa, imepitia hapa, inacheka mimi. Angalia! Fundo inafunguka yenyewe! Vijana yangu wamekaa wiki mbili bila kazi. Nimekopa hii pesa kwa chama ya wavuvi, Bwana Meneja. Nitaambia chama nini?"

Kinyua alipiga magoti sakafuni na shati lake safi hivyo hivyo, akazipitia. Tisa kati ya zile kumi na mbili zilikuwa na bati la namba kumi na nne. Alimlipa mzee kwa nyavu mpya na kumwomba radhi mara tatu. Mzee alipoondoka, Kinyua alifungua kabati akatoa fomu za miezi saba. Hana tatizo. Hana tatizo. Hana tatizo.

*

Walisimama watatu ofisini kwa Kinyua siku ya Ijumaa. Nabalayo alisimama karibu na mlango ulioachwa wazi, kwa kuwa alikataa ufungwe. Wasike alikwenda kusimama dirishani, uso ukitazama ziwa, mgongo kwa mama mkwe wake. Kinyua alidhani anamwonea aibu mfanyakazi wake.

"Mama," Kinyua alisema, naye alisema kwa upole, "hebu niambie vidole hivi ni vingapi."

Nabalayo alisogeza uso mbele. "Bwana, mkono nauona."

"Vidole?"

"Vidole sivioni."

Kinyua alishusha mkono. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya hivi."

"Mama yangu, ungetuambia mwezi wa tatu tu! Kiwanda kina utaratibu. Ningekuandikia barua kwa daktari wa macho, gharama ni yetu, na wewe unahamia kufunga mabunda huku unangoja. Wawili tumewafanyia hivyo mwaka huu huu. Sasa wakubwa wa Nairobi wamesikia habari ya nyavu mbovu, na wanataka jina." Alizipigapiga zile fomu juu ya meza. "Hapa imeandikwa mliketi mara saba, na mara saba huna tatizo. Basi ni moja kati ya mawili. Ama uliulizwa ukaficha, ama hukuulizwa kabisa, na hizi fomu ni za uongo. Kama ulificha, kosa ni lako. Kama hukuulizwa, kosa ni la msimamizi, na huyo ndiye nitamtoa leo leo."

Nabalayo alisikia kila neno. Alikuwa mwanamke asiyejua kusoma, lakini hesabu hii haikuhitaji kusoma. Upande mmoja alikuwa yeye, mtu mmoja, na macho ambayo bado daktari angeweza kuyaokoa. Upande wa pili alikuwa Metrine na watoto wanne.

"Tulikaa," alisema.

"Kila mwezi?"

"Kila mwezi. Aliniuliza vizuri, kama mtu mwenye adabu. Mimi ndiye nilificha. Niliogopa kupoteza kazi."

"Bwana Wasike, ni kweli?"

Ziwani palikuwa na ndege weupe wakigombania matumbo ya samaki. Wasike aliwatazama. Alijua kwamba akigeuka tu, hata bila kusema neno, kila kitu kitaonekana usoni mwake. Alimfikiria Enos, darasa la kwanza. Alifikiria cheo, na jina lake likisomwa mbele ya wasimamizi wengine watano, yeye aliyesifiwa.

"Ni kweli," alisema.

Kinyua aliandika. Kwa kuwa alificha na hasara ikatokea, Nabalayo hangepata barua ya daktari, wala kiinua mgongo cha miaka tisa. Alilipwa siku zake za mwezi huo na kuambiwa arudishe sindano na koti la kazi. Koti lilikuwa mwilini. Alilivua hapo hapo mlangoni, mbele ya wanaume wawili. Chini yake alikuwa amevaa gauni lililochanika kwapani, na aliubana mkono ubavuni mpaka alipotoka.

*

Wasike alikuta chakula mezani. Metrine alikuwa amesimama karibu na meko, na hakukaa.

"Aoko amepitia hapa," alisema.

"Amekuambia?"

"Ameniambia vile Mama alisema. Hakujua vile wewe ulisema, yeye alikuwa nje. Ulisema nini, Baba Enos?"

"Aliniuliza kama ni kweli."

"Na ulisema?"

"Nilisema ni kweli."

Metrine alifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja. "Mimi nilijua ni macho," alisema mwishowe. "Tangu mwezi wa saba. Alinikataza, nikatii. Kwa hivyo siwezi kusema umenizidi kwa ubaya." Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Sitakuambia uende useme. Watoto ni wanne na mimi sina kazi. Lakini usiniambie pole. Hiyo pole yako kaa nayo."

Wasike alisukuma sahani. Alitaka sana mtu amtukane, amwite mwoga, iishe. Hakuna aliyemtukana. Watoto waliingia, Enos akaomba kalamu, na maisha ya nyumba ile yakaendelea hivyo hivyo.

*

Jumamosi Nabalayo alirudi kwao. Hakutaka kungoja, kwani kodi ya chumba ilikuwa inakwisha. Metrine alimtafutia kiti cha dirishani katika basi la Bungoma, akampakia godoro juu, kisha akakimbia kununua mkate na majani ya chai ya kwenda nayo.

Wasike alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara tangu asubuhi. Alipomwona mkewe ameondoka, alivuka. Alifika ubavuni mwa basi, chini ya lile dirisha, akageuka na kuupa mgongo. Kwa mtu aliyepita alionekana kama abiria tu anayengoja. Mama mkwe wake alikuwa juu yake, ubavu wa basi kati yao.

"Mama," alisema. Katika miaka sita ya ndoa hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila kupitia kwa Aoko.

Nabalayo akasema, "Huyo ni nani anavunja miiko stendi, watu wakiona?"

"Ni mimi. Baba Enos."

"Nimejua ni wewe. Sema haraka."

"Nitaenda Jumatatu. Nitamwambia meneja ukweli wote. Sikuketi na wewe hata siku moja. Nitamwambia nilidanganya, mara saba na tena Ijumaa. Watakupa barua ya daktari."

"Na wewe watakupa nini?"

Wasike alitazama ng'ambo ya barabara alikotoka.

"Sikiliza, mwanangu," Nabalayo alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo. "Usiende. Mimi nimesimama mbele ya yule mtu na uzee wangu, nikasema uongo. Tangu nibatizwe sijasema uongo mkubwa hivyo. Ukienda sasa, utanifanya mwongo wa bure. Macho yangu hayatarudi kwa wewe kukosa kazi."

"Daktari angeyarudisha, Mama."

"Labda. Kule nyumbani kuna misheni, nitakwenda nikiuza kuku. Wakishindwa, nitapika kwa kupapasa. Shamba halihitaji kuona fundo." Alikohoa kidogo. "Lakini iliniuma, sitakuficha. Wale wengine walikuwa wakitoka kwako wamefuta machozi, wamekaa sawa. Nami nilikuwa naona, wakati huo nilikuwa bado naona. Nilikuwa nasema, kesho yawezekana atamtuma mtu aniulize. Hata Aoko. Hata karani. Si lazima uwe wewe, Baba Enos. Ungemtuma tu mtu."

Wasike aliegemeza kichwa chake kwenye bati la basi. Alilia, mtu mzima, mchana kweupe, na mpakiaji wa mizigo alimpita akitazama pembeni.

"Nenda," alisema Nabalayo. "Metrine anakuja. Namjua kwa viatu vyake."

Alivuka barabara. Aliliona basi likitoka na mkewe akipunga leso, na hakujua kama yule aliyepungiwa aliiona.

*

Jumatatu alifika kazini mapema. Mlango wa meneja ulikuwa wazi, na Kinyua alikuwa peke yake, akipoza chai yake kwenye kisahani. Wasike aliupita mlango ule akaenda hadi mwisho wa ujia, akarudi, akasimama.

"Bwana Wasike," Kinyua alimwita, "unataka kuniona?"

Alimtazama meneja wake. Alikuwa na sura ya mtu atakayeweka chai chini, afunge mlango na kusikiliza hadi mwisho.

"Hapana, Bwana Meneja," alisema. "Nilikuwa napita tu."

Akaenda zake chumba cha ukaguzi. Alijiambia kwamba anamtii mama mkwe wake, na ilikuwa kweli, alikuwa amekatazwa. Lakini njiani alihisi kifua kimekuwa chepesi, amepata nafuu kubwa, ya mtu aliyesamehewa kabla hajalipa chochote. Nafuu hiyo ndiyo iliyomtisha. Hakumwambia mtu habari ya nafuu ile, wala Metrine, siku ile wala miaka iliyofuata.